Miiba ya Kuzungushia Vigingi

Mzee Mrisho, mwalimu wangu,

Shikamoo. Marahaba yako niliizoea hata nimeinua kalamu hapa nikiisubiri.

Nakuandikia kutoka Kwihara, karatasi nimeiweka juu ya boneti ya gari. Mtambo wa kuchimba unanguruma mbele yangu. Umeshuka mita arobaini na unatoa vumbi tupu. Boneti inatikisika, utanisamehe kwa mwandiko.

Arobaini yako ilisomwa wiki iliyopita, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kupima ardhi kutafuta maji bila wewe. Kijiji kimepewa kisima kimoja tu. Tukikosa, mtambo unakwenda Kaliua na haurudi. Mama Kulwa, mwenyekiti wa kamati ya maji, bado anachota kwenye lambo wanalonywea ng'ombe.

Unaikumbuka ile miiba? Kila tulipopigilia vigingi vya chuma na kuvimwagia maji ya chumvi ili umeme upite kwenye ardhi kavu, ulinituma nikate matawi ya miiba nivizungushie. "Weka miiba, binti." Hukunieleza kwa nini, nami sikuuliza. Nilidhani ni mambo yenu ya kizamani, nikakucheka kisogoni, Mungu anisamehe. Ulipofariki niliitupa yote iliyokuwa imebaki garini.

Juzi, kwenye alama ya tatu kati ya nilizoweka kijijini, nilikuwa nimeinamia mashine ya kupimia. Ng'ombe wakaja kulamba ile chumvi, wakang'oa kigingi cha mwisho. Mama Kulwa kwa wema wake akakipigilia tena, ila hatua kadhaa mbele, nami sikuona. Umbali huo ukashusha kipimo. Kikishuka tunasema chini kuna unyevu, si ndivyo ulivyonifundisha? Nikaandika wachimbe hapo, nikasaini.

Leo asubuhi mtambo umeshasimikwa hapo, watu wamejaa na ndoo zao, ndipo Mama Kulwa ananiambia akicheka, "Juzi ng'ombe nao walitaka kupima, mwanangu, nikakirudishia mwenyewe chuma chako." Nitakwambia ukweli, Mzee: nilitaka kuficha, na kwanza niliwaacha wawashe mtambo. Kisha nikamwomba fundi wa mtambo azime. Akaniuliza mbele za watu nilisomea wapi. Nikasema kosa ni langu, naomba muda wa saa mbili.

Nimepima upya, na miiba. Alama ya tatu ni mwamba mkavu. Tumehamia ya kwanza, ndani ya shamba la karanga la Mama Kulwa. Amezing'oa mwenyewe kupisha mtambo, hata hazijakomaa. Hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mita hamsini. Vumbi. Nimekukumbuka sana, Mzee. Ungekuwepo ungekuwa unatafuna karanga mbichi na kuniambia nikae chini.

Hamsini na sita. Vumbi limebadilika rangi. Limeacha kuruka. Mama Kulwa ameokota tope, analifinyanga kiganjani.

Maji, Mzee. Yamechafuka kama chai ya maziwa, lakini ni maji. Wanapiga vigelegele. Mimi nimekaa nyuma ya gari, ninalia, mikono imechanika kwa miiba.

Pumzika sasa. Nakuahidi kitu kimoja: nitakayemfundisha kazi hii nitamwambia aweke miiba, na nitamwambia kwa nini.

Binti yako wa kazi,
Anjela