Swali Langu la Houston

Arlington, Jumamosi usiku, Machi 2019

Na Salma aliliuliza swali langu vilevile nilivyomfundisha, neno kwa neno.

Leo, njia nzima ya safari ya shule kwenda kituo cha anga cha Houston, nilimweleza Salma, binti wa shangazi, jinsi shirika la anga linavyogawa kazi: idara moja inabuni teknolojia mpya na kuijaribu, nyingine inaipokea na kurusha watu nayo. Swali langu lilikuwa, nani anaamua kwamba kitu kimekomaa, kitoke maabara kiende kwa warushaji? Nimekuwa nalo tangu Januari. Salma alisema, "Tutanyanyua mikono pamoja, usiogope."

Mhandisi aliyetutembeza alipouliza nani ana swali, Salma akanyanyua mkono wake peke yake.

Mhandisi alifurahi sana. Akamwambia mwalimu wetu kwamba nafasi moja waliyotutengea ya kujifunza kwao wakati wa likizo apewe huyu. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya Salma.

Kwenye basi nikamwuliza Salma kwa nini.

"Wewe ungekaa kimya mpaka tufike nyumbani," akasema. "Nimekuokolea swali lako." Akacheka, akanipa chipsi zake.

Pengine kweli ningenyamaza. Lakini angeningoja kidogo tu...

Mama ameniambia nimpongeze Salma, eti ni dada yangu.

Sasa hivi Salma ametuma ujumbe. Mhandisi atampigia simu kesho kuhusu ile nafasi. "Hebu nifafanulie, mwaya, lile swali alilijibuje? Sikuelewa."

Mimi nilielewa kila kitu. Nimeandika aya tatu za kumweleza, nikazifuta. Nikaandika, "Muulize mhandisi mwenyewe."

Nimeutuma.