Kikwembe cha Noeli

Zongwe, 1 Desemba 2024

Mama mupenzi,

Habari ya nyumbani? Muguu wako uliacha kuvimba? Mimi mwili ni muzima, chakula ninakula, usingizi njo shida. Barua hii nimemupa Doudou wa boti, ataificha ndani ya kapu la samaki wa ndagala, basi usishangae harufu. Simu yangu shemeji Cyrille anaichunga, na hata akiirudisha, hapa rezo ya simu hakuna.

Leo Majilio imeanza. Nimesikia kwaya ya shapeli kutoka humu ndani, nimekaa kwenye mukeka. Tangu tulipomuzika Hénoc wangu sijavuka uwanja huu. Wanasema mujane hatoki mupaka familia ya bwana imuondolee kilio. Nilikubali, njo desturi yao, na bwana yangu nilimupenda. Lakini sasa Cyrille amesema wazi: ataondoa kilio siku nitakapokubali kuwa bibi yake wa pili. Nimekataa. Akasema, "Basi kaa."

Mama, mimi niliyekuwa ninaanzisha nyimbo za Noeli kanisani tangu nikiwa mutoto, mwaka huu hata moja haitoki. Ninafungua mudomo, kukavu. Ninasali kama muntu anayehesabu sahani. Unisaidie. Nilitaka Noeli inikute kwako.

Mutoto wako,
Fanny


Kalemie, 6 Desemba 2024

Fanny mutoto wangu,

Barua imefika na harufu yake yote. Paka wa jirani amenifuata mupaka chumbani. Muguu leo unavimba, kesho unapungua. Mengine ni neema. Wewe ujilazimishe kulala.

Huyo Cyrille, ningekuwa karibu ningemwambia maneno ambayo baadaye ningeenda kuyaungama kwa padri.

Sasa sikia. Noeli usiingojee mulangoni, maana mulango wamekufungia. Uianzishe hapo ulipo. Asubuhi soma Luka, sura ya pili, pole pole, kwa sauti. Tafuta udongo, ufinyange Maria, Yosefu na Mutoto, uwaweke kwenye kona. Imba hata vibaya. Mungu hajanifukuza kwenye kwaya mupaka leo, na sauti yangu unaijua.

Wamama wote wa kwaya wameshona kikwembe cha namna moja cha Noeli, kitenge cha buluu na nyota za njano. Chako nimekununulia, yadi sita nzima, Doudou anakuletea. Hata ukikivaa ndani peke yako, tutakuwa pamoja.

Mama yako,
Pascasie


Zongwe, 12 Desemba 2024

Mama,

Natumaini uko muzima. Leo sitauliza mengi. Nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Doudou alishusha mufuko uwanjani, Cyrille akaufungua mbele ya wazee. Buluu na nyota za njano, na mimi pale na nguo zangu nyeusi. Kumbe hukujua? Huku kwao, kikwembe kipya kikiingia kwa mujane, kile njo kinaondoa kilio, na wa kukileta ni familia ya bwana tu. Cyrille akasimama: "Wazee, muone. Mama yake ameshaondoa kilio bila sisi. Ametutukana." Kikwembe amekifungia ndani ya sanduku lake. Wameamua nibaki ndani mupaka Pasaka. Sasa mulango una kufuli.

Nimefinyanga kama ulivyosema. Yosefu ana kichwa kama muhogo. Mama Agathe, mama ya Hénoc na Cyrille, aliniletea bukari nile, akawaona. Tangu matanga hasemi na mimi. Anakaa upande wa pili wa ukuta, yeye pia na nyeusi zake. Alisimama pale muda murefu. Kesho yake nikakuta kondoo mudogo wa udongo karibu na Yosefu. Sijui nifikiri nini.

Usinitumie kitu tena.

Fanny


Kalemie, 18 Desemba 2024

Mutoto wangu,

Salamu nyingi. Umemaliza barua bila kuandika "mutoto wako". Nimeliona, na nimelilia.

Nimekosa, unisamehe. Kwetu kikwembe ni nguo tu, wala sikuuliza muntu. Jana nilienda bandarini nije mwenyewe. Ziwa limechafuka, boti ndogo zimekatazwa kubeba abiria. Doudou anasema wakimuachia atavuka na mizigo, watu hapana. Nikarudi na furushi langu kichwani. Wewe wamekufungia huko, mimi ziwa limenifungia hapa.

Maneno haya umusomee Mama Agathe:

Mukwe wangu, pole na mutoto. Niliyekosa ni mimi, Fanny hana neno. Nimesikia habari ya kondoo, asante. Hénoc alikuwa anakuja kwangu kila Noeli, anakula sombe mupaka analegeza mukaba. Mwaka huu tunamulilia sisi wawili. Ninakuomba kitu kimoja: siku ya Noeli usimuache mutoto wangu peke yake.

Mama yako,
Pascasie


Zongwe, 25 Desemba 2024

Mama mupenzi,

Noeli njema. Muguu unaendeleaje? Mimi ni muzima, sauti tu imekauka, na safari hii ni kwa kuimba.

Doudou alifika jana asubuhi. Nilimusomea Mama Agathe barua yako kupitia ukuta. Nilipofika kwenye mukaba wa Hénoc akaanza kulia, na mimi nikalia, kila mumoja upande wake.

Muchana wazee walikuwa wamekaa uwanjani na Cyrille, ninawaona kwenye ufa wa mulango. Mama Agathe akatoka na kikwembe mikononi. Sanduku alilifungua na nini, sijamuuliza. Akasema pole pole, "Cyrille, nguo hii ilipofika ulisema nini?" Akaendelea, "Ulisema kilio kimeshaondolewa, na wazee walisikia. Kama kimeondolewa, huyu mutoto mumemufungia nini? Na kama hakijaondolewa, mama yake alitukana nani?" Muzee Floribert, mukubwa wao, akasema, "Mama amesema kweli. Fungueni." Cyrille akatoka bila kuaga.

Mama Agathe akanifunga kikwembe yeye mwenyewe. Akauliza, "Na kilio changu mimi, nani ataondoa?" Yadi sita, Mama, zinatosha watu wawili. Tukakikata katikati kwa wembe. Nikamufunga chake juu ya nyeusi, tukaenda shapeli.

Mwanzoni wimbo ulinikwama. Alinishika mukono, basi ukatoka. Nilifurahi, Mama. Hénoc yuko udongoni na mimi nilifurahi, na sikuona haya. Noeli ilikuwa imeniingia.

Ziwa bado linapiga mawimbi, tunangoja litulie. Cyrille hamusalimu mama yake tena. Nimemwambia Mama Agathe aje na mimi kwako, anasema kaburi la Hénoc atamuachia nani. Lakini asubuhi nimemukuta anafunga sanamu zangu ndani ya majani makavu, mumoja mumoja, Yosefu na kichwa chake, wasivunjike njiani. Kondoo hakuniwekea. Amemuweka ndani ya mufuko wake mwenyewe, katikati ya nguo zake.

Tandika vitanda viwili.

Mutoto wako,
Fanny