Sifuri ya Zakia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mke wangu aliniambia niandike mambo ya nyumbani, nisije nikasahau kumweleza akipiga simu. Basi nimekuwa naandika. Mvua, nani kaoa, nani kafa, ng'ombe wa nani kaingia kwenye kabichi za nani. La leo simwelezi.

Mwalimu Selina kaja kitaluni. Ndiye anayewafundisha akina Zakia Hisabati, darasa la saba. Binti wa Tanga mjini, baridi ya Soni bado haijamzoea — koti mpaka magotini. Shikamoo Baba Zakia. Marahaba mwalimu. Nikadhani amefuata miche ya parachichi.

Kumbe mock ya wilaya, mtihani wa majaribio, imerudi. Hisabati, maswali arobaini ya kuchagua, Zakia kapata sifuri.

Nikacheka. Zakia huyu! Mtoto ambaye tangu anaanza shule hajawahi kutoka tatu bora. Nikamwambia mwalimu wamechanganya karatasi. Hakucheka. Akasema, Baba Zakia, hata asiyejua kitu kabisa, akifumba macho na kusiliba vile viduara hovyo, ataokota saba, nane. Ili ukose yote arobaini lazima ulijue jibu kila mara, halafu ulikwepe. Kisha akauliza, nani kamwambia afeli?

Anauliza huku ananitazama mimi! Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Nimempa mche mmoja bure akaondoka.

Nimeendelea kumwagilia. Nilidhani nitakasirika.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemuuliza. Alikuwa anamenya viazi. Akachukua kiazi kingine. Nikafoka — kisu kinazunguka kiazi vilevile, ganda linashuka refu bila kukatika. Nikasema basi, nitamwambia mama yako.

Hapo akainua macho upesi. Mwambie baba, akasema. Mwambie nimepata sifuri.

Sijawahi kuona mtoto anayeomba kushtakiwa. Nikatoka nje nikakaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sasa najua.

Nimerudi kabla ya magharibi, simu niliiacha kwa Zakia. Yuko jikoni, moshi mtupu, na sauti ya Hadija inatoka humo. Nikashtuka, nikadhani mke wangu karudi! Loo, moyo ulivyoruka, mtu mzima mimi. Kumbe ni ujumbe wa sauti, ule wa mwezi wa sita.

Hadija yuko Maskati, anafanya kazi za ndani. Kaondoka Zakia akiwa darasa la tatu. Mkataba wa miaka miwili, ukaisha, akaongeza miwili mingine. Huu wa sasa unaisha Oktoba. Madam wake anajua Kiswahili, babu zake walikaa Unguja, kwa hiyo kwenye simu sisi tunaongea Kishambaa. Na ujumbe ule ni wa Kishambaa. Anasema, Zakia mwanangu, soma. Ukifaulu vizuri naongeza mkataba tena, miaka miwili tu, nikupeleke shule nzuri ya bweni huko Moshi. Ukifeli? Ukifeli narudi, tulime wote karoti! Halafu anacheka. Hadija akitania anacheka mwenyewe kabla hujaanza.

Nakumbuka siku ule ujumbe ulipoingia. Na mimi nilicheka. Ndivyo tunavyotisha watoto huku: usiposoma utalima. Hakuna mtoto wa milimani ambaye hajaambiwa hivyo.

Zakia akaurudisha nyuma. Si wote. Pale pa mwisho tu. Ukifeli narudi. Akarudisha tena.

Nikasimama nje ya jiko na kapu mkononi. Sikuingia. Nikakohoa, sauti ikazimwa, akatoka kunipokea kapu. Shikamoo baba. Marahaba.

Tumekula. Nikamwambia chumvi imezidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Hadija kapiga. Zakia anasomaje? Nikasema anasoma. Mock vipi? Nikasema bado haijatoka.

Uongo umetoka kirahisi kabisa. Sijasikia hata aibu.

Jumatano, 13 Agosti

Kikao cha wazazi shuleni. Mwalimu mkuu kasema darasa la saba wote waingie kambi Jumapili. Walale shuleni hadi mtihani wa taifa uishe, wasome usiku na mchana. Kila mzazi alete mahindi, maharage, kuni. Wamama wamegawana zamu za kupika. Wababa tumegawana kunyamaza.

Kisha akakaza sauti. Amesikia kuna wazazi wanawaambia watoto wafeli makusudi, wapate watu wa kulima na kuchunga. Atakayebainika atapelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Twaha jirani yangu akanigusa kiwiko, akanong'ona kwamba mtoto wake keshamwambia asilibe tu popote, nani atambebea kabichi mpaka barabarani? Anacheka. Nikacheka naye.

Mimi sijamwambia Zakia afeli. Mbele ya mtendaji ninaapa hata kwa msahafu. Sijamwambia afeli, na sijamwambia afaulu. Wiki nzima nimemwambia chumvi imezidi, funga kuku, zima taa.

Mwalimu Selina kanivizia getini. Umezungumza naye? Nikasema nazungumza naye. Akasema, Baba Zakia, mtoto yule wewe ukimwambia neno moja tu atasikia. Ndiyo mwalimu, nikasema.

Neno lenyewe nalijua. Nimwambie: Zakia, ule ulikuwa utani, mama yako ukifeli hatarudi, atalia tu huko aliko, kisha ataongeza mkataba vilevile. Basi. Dakika moja inatosha.

Lakini je, kama atarudi kweli?

Jumapili, 17 Agosti

Nimempeleka kambini. Godoro nimebeba mimi kichwani, yeye ndoo na madaftari. Wasichana wanalala darasa la tano, madawati yamerundikwa ukutani. Akachagua kona. Nikamtandikia. Akanivuta mkono akasema dawa za kuku ziko juu ya kabati. Nikasema sawa. Kidogo niseme na lile neno. Mama mmoja akaingia na sufuria la maji ya moto, ikabidi tupishe njia.

Jumatano, 20 Agosti

Nyumba haina mtu. Nimepika ugali mwingi kama wa watu watatu. Nimeula baridi asubuhi.

Ndivyo itakavyokuwa akienda Moshi.

Jumamosi, 23 Agosti

Hakuna jipya. Nimeuza miche ya pea. Mvua ndogo.

Jumapili, 24 Agosti

Niandike basi, si naandika mwenyewe? Namtaka mke wangu arudi. Nimechoka kuoa simu. Miaka yote hii nasema vumilia mama, ni kwa ajili ya mtoto, na yeye anasema vumilia baba, ni kwa ajili ya mtoto. Mtoto hakuna aliyemuuliza. Kajiamulia mwenyewe. Na mimi baba mtu nimejificha nyuma ya mgongo wa mtoto wa miaka kumi na mitatu, nangoja anirudishie mke.



Ijumaa, 29 Agosti

Baada ya swala imamu kawaombea dua watahiniwa. Tuliosogea mbele ni wazazi. Kawaombea wepesi, kumbukumbu, wasahihishaji wenye huruma. Wanakanisa nao waliwaombea wa kwao Jumapili, Selina kanisimulia, mpaka penseli zimewekwa madhabahuni.

Nikainua mikono. Wenzangu midomo inakwenda. Twaha anaitikia amina kwa sauti kuliko wote, na ndiye aliyemwambia wa kwake asilibe popote! Mimi mikono nimeishika juu mpaka imeuma. Sikuomba kitu. Sikujua niombe lipi nisije nikapewa.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya kuwaona. Nimempelekea chapati na kuku. Kakonda, macho yameingia ndani. Wenzake wote vilevile, wanatembea kama watu waliotoka hospitali. Asubuhi majaribio, mchana majaribio, jioni wanasahihisha, aliyeshuka anapigwa. Nikamuuliza, unapigwa? Akasema zamani. Sasa Mwalimu Selina haruhusu apigwe, anamtazama tu. Bora angenipiga, akasema.

Tukakaa kwenye majani nyuma ya vyoo vipya. Anakula taratibu. Akauliza, mama anasemaje? Anakusalimia. Bado mkataba wake unaisha Oktoba? Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu mzima anayehakikisha safari.

Hapo ndipo pa kusema. Hakuwapo mtu mwingine.

Nikasema, Zakia. Abee baba. Ufanye unavyoweza.

Ufanye unavyoweza! Neno gani hilo? Ukilipokea kulia linakwenda kulia, ukilipokea kushoto linakwenda kushoto. Akasema sawa baba. Akafunga chapati zilizobaki, awapelekee wenzake.

Jumanne, 9 Septemba

Hadija kapiga mchana, ananong'ona, kajifungia stoo. Madam anataka jibu Ijumaa: anaongeza mkataba au aletewe mtu mwingine? Akasema, mimi huku sijui kitu, wewe ndiye unayemwona. Atafaulu, hatafaulu? Kama atafaulu nivumilie. Kama hatafaulu, baba Zakia, mimi nimechoka, magoti yananiuma, narudi kwangu.

Kumbe haikuwa utani! Mtoto alisikia vizuri kuliko mimi.

Nikamwambia mtihani ni kesho na keshokutwa. Nitakujibu Alhamisi jioni. Akasema usinifiche. Nikasema nikufiche nini?

Ningeweza kupanda shuleni jioni hii. Geti halijafungwa. Nimekaa hapa.

Jumatano, 10 Septemba

Wameanza. Polisi mmoja na mgambo getini, wazazi haturuhusiwi hata kusimama karibu. Hisabati ni leo.

Nimeshinda kitaluni nabebesha parachichi. Kazi ya kila siku: unakata mche, unachomeka kikonyo cha mti mzazi, unafunga nailoni. Saa nane nikaona nimemaliza mstari mzima, nikarudi kuukagua. Vikonyo vyote nimechomeka kichwa chini. Vyote! Hata mtoto anayeanza kazi hakosei hivyo. Kikonyo kilichopinduliwa hakishiki, kinakauka.

Sikuvitoa. Nimeanza mstari mwingine.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamemaliza. Nimesikia kelele zao mpaka huku barabarani, wanaimba, wanarushiana maji. Zakia kaja na bodaboda, godoro limefungwa nyuma. Shikamoo baba. Marahaba, pole na mtihani. Ahsante.

Kaoga. Kala. Sahani mbili za wali na maharage, sijamwona akila hivyo mwaka huu. Kaosha vyombo. Twaha kapita kutupa habari: wa kwake anasema mtihani ulikuwa mwepesi sana, kajibu yote. Twaha amenuna! Anasema mtoto hasikii.

Tumebaki wawili. Nikamwambia kaa hapa. Kakaa. Nikamwambia mama yako atapiga jioni hii, anataka kujua umefanyaje, nimjibu nini? Nimwambie umefanya vizuri au umefanya vibaya?

Anachuna ngozi iliyokauka kwenye kidole, pale penseli inapokaa.

Nikasema Zakia, mimi najua. Nimekusikia jikoni, siku ile, na sauti ya mama.

Hakushtuka. Akasema, najua baba. Nilikuona miguu chini ya mlango.

Nikakosa pa kuweka mikono. Mwezi mzima! Mwezi mzima anajua kwamba najua. Akangoja niseme. Kule shuleni nyuma ya vyoo vile alikuwa anangoja. Kila siku tuliyokula pamoja alikuwa anangoja.

Kisha akaniuliza, polepole, bila hasira yoyote. Baba, wewe ulitaka nisilibe nini?

Nimemwambia ngoja niandike kwanza. Ndicho ninachofanya, naandika, yeye kakaa palepale kwenye mkeka ananingoja.

Simu imeita. Imekatika. Inaita tena.

Zakia kaipokea yeye. Shikamoo mama. Mzima. Ndiyo, tumemaliza. Ndiyo, nimekula. Sasa mama yake anamuuliza kitu kirefu, nasikia sauti tu, maneno siyapati. Zakia kashusha simu kidogo, kaziba pale pa kuongelea kwa kiganja.

Ananitazama mimi.