Dada Zuhura Hakusema "Mimi"

Newala, Jumanne

Eti hana uongozi! Dada Zuhura huyu huyu, aliyewakusanya wenzake chuoni wakachimba mtaro mpaka maji ya mvua yakaacha kuingia bwenini!

Ile kampuni ya Dar es Salaam inayochukua wahitimu wa vyuo na kuwafundisha kazi imempigia simu leo. Wamemkataa. Kwenye usaili walimwuliza aliwahi kuongoza nini, naye akawaeleza habari za mtaro: tulikaa, tukapanga, tukachimba.

"Ulisema sisi, sisi tu," mwanamke aliyepiga simu akamwambia. "Hatukujua wewe ulifanya nini."

Si wangemwuliza! Nyumbani kwetu anayesema mimi, mimi, anaambiwa anaringa.

Keshokutwa ana usaili wa kampuni nyingine. Naogopa atarudia yale yale, akose tena. Kwa hiyo jioni nilijifanya bosi, nikamhoji. Kila nikiuliza, anajibu, "Tulichimba." Nikamkazia macho. Mwishowe akapaza sauti: "Mimi ndiye niliyeongoza!"

"Nani huyo anajisifu?" Mama akauliza kutoka jikoni.

Nikajibu mimi: "Mwache aseme, Mama. Ni kweli."