Kikunjo cha Milimita Nne na Robo

Sassuolo, 9 Machi

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: kila Jumapili ya mashindano ya magari naomba gari lako lipitwe. Sitaki liharibike, wala dereva aumie. Lipitwe tu, watu wakiona.

Salamu nimeziruka, nazirudia sasa. Hujambo? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la kiwanda cha vigae. Mjomba Oreste anakuja kula kila Jumapili, na bado anawasifu Fossaldi, timu anayoifanyia kazi, kana kwamba wao ndio waliovumbua gurudumu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti hunikauka. Shuleni nasoma kwa Kiitaliano asubuhi na kwa Kiingereza mchana, na mbele yako lugha zote mbili hunikimbia.

Ulipotuacha nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ulisema unarudi kwenu Uingereza kuandika sheria za magari ya mashindano. Ukanichorea kwa kidole juu ya meza, kwenye unga wa Bibi: gari la mbele linatupa nyuma upepo mchafu, la nyuma likisogea karibu, mabawa yake hayapati upepo safi wa kuligandamiza chini, linateleza, dereva anakata tamaa. "Tutayanyoa mabawa," ukasema. "Magari yatakuwa mabaya kuyatazama, lakini yatapitana." Na kweli yalitoka mabaya, yana pua kama koleo. Darasani walicheka. Mimi nilibandika picha ya moja juu ya kitanda changu, maana mwaka ule yalipitana mpaka Mjomba akamwaga mchuzi.

Halafu ukahamia timu ya Hartwick. Sasa gari lenu ni zuri kama kisu, na hakuna anayeweza kulikaribia. Sheria uliiandika wewe. Mwanya wake aliujua nani?

Binti yako,
Ginevra


Towcester, 21 Machi

Ginevra mwanangu,

Barua nimeipata. Nafurahi mko wazima. Mpe Mama pole ya kikohozi. Mimi mgongo tu, mengine yanaenda. Rhodri wa karakana anakusalimu, anauliza kama ile rangi ya kijani ilitoka kwenye sweta lako.

Umeniandikia kama hakimu, na una miaka kumi na sita. Sheria ni ukuta, na kazi ya mchoraji ni kuupapasa mpaka apate mlango. Nisipoupata mimi ataupata jirani. Nani atanilipa mshahara ili gari langu lipitwe? Hao Fossaldi wa mjomba wako wangekuwa na akili ya kuona tulichofanya, wangekiiga kabla ya chai.

Watu wanataka magari yapitane kama kuku barabarani. Mimi natazama saa, na saa inasema niko mbele.

Usiniandikie tena juu ya usilolijua.

Baba yako


Towcester, 17 Mei

Ginevra,

Wiki nane kimya. Natumaini ni hasira na si ugonjwa.

Nakwambia kabla hujasoma magazetini. Ukingoni mwa bawa letu la mbele, pale vipande viwili vinapoungana, tulikuwa na kikunjo kidogo kuliko ukucha wako. Kilitupa upepo mchafu pembeni, ukamwangukia anayetufuata. Sheria ilitaja vipande, haikutaja maungio. Sasa kimepigwa marufuku.

Fossaldi waliwaandikia wakaguzi lile swali la kinafiki tunaloliuliza sote: "Sisi tukiunganisha bawa hivi, tutaruhusiwa?" Hakuna timu inayouliza hivyo ili ijenge. Inauliza ili cha mwenzake kikatazwe. Na swali lao lilikuwa na kipimo chetu kamili, milimita nne na robo. Picha ya gari haiwezi kukupa kipimo hicho. Kimetoka ndani.

Ni Rhodri. Nani mwingine? Yeye ndiye anayechonga mifano tunayoijaribu kwenye handaki la upepo, na Februari alionekana akinywa kahawa na mtu wa Fossaldi. Nimemwita msaliti mbele ya karakana nzima. Alivua glavu, akaziweka mezani, moja juu ya nyingine. Kikao cha kumfukuza ni tarehe 30, na ushahidi nitautoa mimi.

Jumapili tulipitwa mara tatu. Haya, furahi.

Baba yako


Sassuolo, 22 Mei

Baba,

Afya yako siiulizi leo.

Si Rhodri. Ni mimi.

Unaikumbuka barua ya siku yangu ya kuzaliwa, mwezi wa kwanza? Mistari sita. Wewe na ubahili wako wa karatasi: tangu zamani unaandika nyuma ya michoro iliyotupwa, orodha ya soko, salamu za Krismasi, kila kitu. Mama alikuwa anacheka. Mimi safari hii sikucheka. Nilisema, hata leo kanipa upande wa nyuma. Nikaigeuza. Kulikuwa na ukingo wa bawa, na kikunjo, na kipimo umekizungushia duara kwa kalamu. Nilielewa hapo hapo. Si ulinifundisha wewe, kwenye unga?

Niliificha. Halafu ikaja ile ya "usilolijua". Nikampelekea Mjomba.

Aliketi. "Ginè, baba yako anajua umeniletea hii?"

"Si ndiye aliyeileta!"

Akacheka mpaka machozi, akaipiga picha kwa simu. "Sasa funga mdomo," akasema. "Hata kwa mama yako. Ikijulikana ni mimi niliyeipeleka, kazi sina." Nilicheka naye. Hapo ndipo panaponitia aibu.

Ile Jumapili mliyopitwa mara tatu nilipanda juu ya kiti nikapiga kelele, mimi, ambaye hata jina langu natamka kwa kunong'ona. Siku nne baadaye barua yako ikafika.

Nilipokutembelea karakanani, Rhodri aliniachia brashi nikapaka bawa la mfano rangi ya kijani. "Washa upepo, bibie, utazame rangi imekimbilia wapi. Haijui kudanganya." Sweta bado lina doa.

Jana nimempelekea Rhodri barua ile kwa rejesta. Ile yenyewe, yenye mkono wako pande zote mbili. Ndiyo barua pekee ya siku ya kuzaliwa uliyoniandikia tangu uondoke, na sikubaki na nakala. Nilifikiria kukutumia wewe, uionyeshe mwenyewe kwenye kikao. Lakini nakujua. Ungeipapasa mpaka upate mlango.

Na jina la Mjomba nimelitaja katika maelezo niliyoiambatishia. Yeye bado hajui.

Ngazi zinalia, ni yeye, kaja kuniita. "Ginè! Unaandika Biblia huko juu? Tortelli zinapoa mezani!" Kila akipanda huwa nafunika karatasi kwa daftari la fizikia. Nimelishika hapa. Hatua tatu zimebaki.

Nimeliweka sakafuni. Karatasi iko wazi, na jina lake linasomeka hata ukiwa mlangoni.

Binti yako,
Ginevra