Vidonge Ulivyonimwagia Chooni

Wifi yangu kipenzi,

Sasa hivi mwanangu amenibonyeza mguu kwa kidole, kama anavyomwona daktari akipima kama uvimbe unabonyea, akapiga kelele: "Mama, leo hakuna shimo!" Benchi zima la kliniki limecheka.

Tuko salama. Ameshajua kujivika viatu, ila cha kulia anakitia kushoto.

Wifi, nilipovimba uso uliniambia, "Ndoa imekukubali, mashavu kama mito!" Kumbe ilikuwa lupus. Daktari alisema kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inayoshambulia figo. Kikulacho ki nguoni mwako. Akanipa vidonge, akanionya nisiviache ghafla. Wewe ukavimwaga chooni, eti ndivyo vinavyonivimbisha, kisha ukamwapia kaka yako kwamba nimevitupa mwenyewe. Nilikuona. Wiki tatu baadaye mkojo wangu ulikuwa na povu kama maji ya kufulia, nikalazwa, figo ikachomwa sindano ili wakate kipande cha kupima.

Nilinyamaza miezi minane kwa kukosa nguvu za kugombana. Sasa ninazo. Chumvi nimepunguza, jua nalikwepa, dawa nameza kwa saa. Jumapili ukija kula kwetu, nitamweleza kaka yako yote, na wewe umekaa papo hapo. Sitakutukana. Nataka uniangalie nilivyo mzima, nikimpakulia mwanangu, halafu urudie kiapo chako.

Ngoja, muuguzi ananiita. Ameshika majibu ya mkojo na anatabasamu, wifi, nadhani figo zangu zimepata nafuu.