Kamba ya Lile Dume la Fainali

Eufrasia Mabula,
Kijiji cha Samuye,
Shinyanga.
8 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Marselino,

Najua ukifungua tu hapa utasema shikamoo dada, basi marahaba. Mhola? Mgongo wako ule wa kuinamia injini za malori umepata nafuu, au bado unalala sakafuni? Wifi yangu Nelly hajambo? Watoto wanakula? Nasikia huko Kigali asubuhi kuna baridi, usiwaache waende shule kifua wazi. Nikianza kuwawaza uji unamwagika jikoni, binti yetu Loveness ananicheka.

Sisi huku ni wazima, isipokuwa mmoja, nitamfikia. Mvua imeanza mapema na watu wote wako mashambani. Nimekufungia michembe kidogo ya viazi vitamu kwenye mfuko wa sukari, ile myembamba unayoipenda. Usiwape majirani yote.

Barua na michembe nampa Davis dereva, anapakia mzigo Isaka kesho. Nimeandika kwa sababu nikikupigia simu unacheka, na ukicheka nasahau nililotaka kusema, halafu unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao. Unajua mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo soma polepole na usiruke mahali.

Shemeji yako Mabula anaondoka. Ile sukari ilimla macho mwaka jana, sasa imeingia kwenye figo. Hospitali walimlaza, wakajitahidi, mwishowe daktari akaniita pembeni akaniambia kwa upole, mama, mpeleke nyumbani awe karibu na watu wake. Nikamleta. Nimemlaza chumba cha mbele, dirisha linaangalia shamba la jirani yetu Enock, apate upepo. Haoni kitu, lakini masikio yake ni mazima kuliko yangu. Kuku akitaga uani anajua ni kuku yupi.

Anauliza jambo moja tu, kutwa nzima. Ndaki amefika?

Nilimpigia Ndaki kule machimboni Geita. Unajua tangu siku ile ya fainali mwanangu hajakanyaga kijiji hiki. Nikamwambia baba yako anakuita. Nikasikia karasha linasaga mawe nyuma yake. Halafu akasema nakuja mama, Jumamosi nipo hapo. Nilikaa chini palepale. Nikafua shuka, nikasiliba chumba chake cha zamani, nikamfunga jogoo mguu. Mabula nikamwambia, akaomba anyolewe ndevu.

Sasa nisikilize, Marselino.

Wiki hiyohiyo Enock akapiga picha ya video ya maksai wake mpya akilima. Huyo ng'ombe ana tabia ya kugeuza shingo kila hatua, na Enock amempa jina. Amemwita Ndaki. Kwenye video anamchapa huku anamwambia, Ndaki, usiangalie nyuma, mpira unaingia. Akaituma kwenye lile kundi lenu la simu la mashabiki wa zamani wa Samuye. Basi hapo kila mtu akafunguka na kumbukumbu zake za fainali. Mmoja anasema alipanda juu ya mkokoteni akaona kila kitu. Mwingine anasema mkewe alikuwa mjamzito akacheka mpaka akashikwa na uchungu. Hata waliokuwa bado wananyonya mwaka ule wanasema walikuwepo.

Loveness alinisikilizisha yote. Nilikuwa nachambua mchicha. Mara ikatoka sauti yako, na mimi nikafurahi kabla sijasikia maneno, nikasema huyo mdogo wangu, ongeza sauti.

Ukasema wewe ni mjomba wake na ulikuwepo nyuma ya goli. Ukasema dume lilikuwa limefungwa, limelala linacheua, na Ndaki alikimbia kivuli cha pembe. Halafu ukacheka kile kicheko chako cha baba yetu.

Ndaki naye yumo humo kwenye kundi. Kuna mtu alimwingiza kwa makusudi ili asikie. Alinipigia jioni ileile. Hakunisalimu. Alisema, "Mama, hata mjomba?" Ni hayo tu, akakata.

Jumamosi haikuleta mtu. Jogoo bado yuko na kamba mguuni, sina moyo wa kumfungua wala wa kumchinja.

Wote mmesema mnavyokumbuka, mimi hakuna aliyeniuliza. Na mimi nilikuwepo. Nilisimama pembeni ya goli la mwanangu na chupa ya maji, kwa sababu alikuwa na kikohozi wiki ile nikaogopa vumbi. Uwanja wa mnadani, nguzo za mti, wavu hakuna. Zeeshan, yule mwenye duka la mabati Nyasubi, alikuwa ametoa dume jeupe liwe zawadi ya mshindi, amelifunga kitambaa chekundu kwenye pembe. Lilikuwa limefungwa kwenye gurudumu la tela, nyuma ya goli la Ndaki, watu wote walione na kulitamani.

Mmesahau alivyodaka siku ile? Isaka walikuja na vijana wenye mapaja kama magogo, wanapiga mashuti ya kuua mtu. Aliyadaka yote. Kuna moja alilifuata hewani akaangukia bega, mpaka mashabiki wa Isaka wenyewe wakasema huyu mtoto ni paka. Sisi tulikuwa mbele kwa bao moja, na refa alikuwa anaangalia saa yake. Shemeji yako alikuwa ananiambia, umemwona mwanangu, umemwona. Siku hiyo alikuwa wake. Siku nyingine alikuwa wangu.

Ndipo nyinyi mkashindwa kungoja filimbi. Duniani kote watu hungoja filimbi, lakini Msukuma akiona ng'ombe amekaribia kuwa wake, miguu inatangulia. Mkamwagikia nyuma ya goli mkaanza kulishika dume mgongoni, mnagawana nyama kwa mdomo, huyu paja, huyu nundu. Na wewe ulivaa fulana ya kijani, ukainama, ukafungua kamba. Nilikuona, nilikuwa karibu kama hapa na kizingiti. Ukasema tulitoe mapema kabla Isaka hawajaleta fujo. Enock akaligongea debe sikioni kwa furaha. Likaruka.

Lilikuja moja kwa moja golini kwa nyuma. Watu wakapiga kelele ng'ombe, ng'ombe. Mtoto akageuka. Nani hageuki pembe zikimjia mgongoni? Akaruka pembeni, na ule mpira, Marselino, ulikuwa mpira wa kipuuzi tu, unatambaa kama kobe, ukapita pale alipokuwa amesimama. Refa akasema ni goli, ng'ombe hayumo kwenye sheria. Zikaja penati. Hakudaka hata moja. Isaka wakalipandisha dume letu kwenye lori wakaondoka wanaimba.

Halafu Mabula akasimama mbele ya watu wote. Unakumbuka alichosema, lakini nitakuandikia, kwa sababu kwenye kundi hakuna aliyekisema. Alisema, "Leo ukija nyumbani, kalale zizini na wenzako." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ndaki hakumwangalia baba yake. Alikuangalia wewe. Ulikuwa umesimama pale, kamba bado umeizungusha mkononi, na ulikuwa unacheka pamoja nao.

Mimi nilisema kwamba kamba ilifunguliwa. Nilisema pale uwanjani, nikasema tena kisimani, nikasema mpaka kanisani. Wakaniambia Mama Ndaki, wewe tangu lini unajua mpira? Mabula akasema namtetea mwanangu kwa sababu nimemlea kama binti. Na wewe nilipokuuliza ulisema dada, huo ni mpira tu, utapita. Haukupita. Kule Geita alijiita Enock ili asijulikane, katika majina yote mtoto kachagua hilo, Mungu anisamehe nilicheka. Lakini mtu mmoja wa huku alikwenda kule kuuza karanga akamtambua. Sasa akitoka ndani ya duara, lile shimo la kuchimbia, na kiroba cha mawe mgongoni, wenzake walio juu wanamwigizia mlio wa ng'ombe. Kila siku anatoka ardhini akiwa hai, na ndivyo wanavyompokea.

Baada ya ile Jumamosi nilikwenda kwa Enock. Nilipiga magoti, mimi mwenye umri huu, nikamwomba ambadilishe ng'ombe jina. Akaniambia, "Mama Ndaki, ng'ombe akishazoea jina habadilishiki. Mwanao ndiye aliyeweza kubadilisha lake." Vijana wake wakaangua kicheko. Nikajifunga kanga yangu nikarudi.

Sasa yaliyotokea Jumatatu. Nilikuwa namwosha Mabula miguu, imevimba kama mitungi. Enock akaanza kulima upande wa huku, karibu na ua wa minyaa. Tukamsikia anaita, Ndaki, njoo huku. Ndaki, twende baba, vuta. Mabula akainua kichwa. Alikuwa hajakiinua kwa siku nyingi. Habari za yule ng'ombe nilikuwa nimemficha, hakuna aliyemwambia. Akanishika mkono akasema, "Amefika. Amekwenda kumsaidia Enock kulima."

Ningesema nini? Wewe ungesema nini? Nikasema ndiyo, Baba Ndaki, amefika, amekuta umelala.

Akatabasamu. Akasema mtoto mwenye haya huanzia shambani, hawezi kuingia ndani moja kwa moja kwa baba yake, mwache afanye kazi kwanza. Akala uji wote. Kutwa nzima alikuwa anasikiliza dirishani, na kila fimbo ikilia anasema, Enock anamchosha huyo, mwambie ampumzishe.

Jioni akauliza mbona haingii. Nikasema amechoka, amelala. Akasema sawa, kesho. Na kesho yake hivyohivyo. Juzi alisema, mwambie lile neno la zizini halikuwa langu, lilikuwa la uwanja. Akaninyooshea mkono, eti niupeleke kwake. Niliukamata mkono wenyewe nikakaa nao, sikujua niupeleke wapi.

Jana Enock akaja mwenyewe uani. Amesikia hali ya Mabula, akasema amefikiri, atamwita yule ng'ombe jina jingine, ni utani tu ulizidi. Marselino, nilimkamata mkono. Nilimwambia usithubutu. Nikamwambia mwite kwa sauti, na lima huku karibu na ua, usiende upande wa pili. Mimi niliyempigia magoti anyamaze, nikampigia magoti tena aite. Enock kwa kawaida hana neno asilolicheka. Safari hii hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Lakini shamba linaisha. Amebakiza kipande cha chini kule mbugani, na kutoka mbugani sauti haifiki dirishani. Akimaliza, maksai watafunguliwa waende malishoni, na hakuna atakayeita tena.

Kwa hiyo nakuomba jambo, na ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua. Sitaki uje, najua kazi yako. Sitaki utume chochote. Nataka uingie kwenye lile kundi kwa sauti ileile, useme kamba niliifungua mimi. Usieleze zaidi. Usiweke kicheko. Mimi sikusadikika kwa sababu ni mama, Ndaki hasadikiki kwa sababu ni Ndaki. Wewe ukisema watanyamaza, na yeye atakusikia, simu yake anaiwasha asubuhi kabla ya kushuka duarani. Nauli anayo. Anachongoja ni mtu mmoja wa damu yake aseme dume halikuwa limefungwa.

Ukiona ni aibu, kumbuka aibu hiyo amekubebea yeye miaka yote hii, na mgongo wake ni mdogo kuliko wako.

Sikuchukii. Nilitaka kukuchukia nikashindwa, kila nikikazana naona ulivyokuwa unalia ukinyolewa. Kunywa maji mengi, acha kulala sakafuni, na ile fulana ya kijani kama bado unayo ichome.

Nisalimie Nelly na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Loveness anakuamkia, jogoo ni mzima. Enock naye kasema nimweke kwenye salamu, basi nimemweka. Mungu akuwekee mkono kichwani na akufungue mdomo.

Nilipokuwa naandika, Mabula alisikia kalamu akauliza namwandikia nani. Nikasema shemeji yako wa Kigali. Akafurahi sana, akasema mwandikie hali yangu ni nzuri, na niandike hivi anavyosema, nisipunguze neno, kwa hiyo naandika: Ndaki yuko nyumbani, analima, naye anamwamkia mjomba wake shikamoo.

Mimi dada yako ninayekupenda hata leo,
Eufrasia, Mama Ndaki